Tope la Mwisho

Saa kumi na moja alfajiri lori la kabichi hupanda tupu,
na dereva, Shekalaghe, hatuulizi tena.
Anajua. Mara moja kwa mwaka, Mei ikikaribia kufa,
watu wazima watatu (mwaka huu wawili)
hupanda nyuma na magamba ya mgomba kwapani
kama waendao kuezeka banda.

Barabara inajikunja, inajikunjua.
Juu ya Lushoto kila kona ina jina la gari lililoanguka:
Kwa Fuso. Kwa Bedfodi. Kwa Basi la Harusi.
Tunashuka Kwa Bedfodi, ndani ya ukungu,
meno yakigongana.

Sasa nikueleze kuhusu tope.
La Machi ni changa, linameza mguu.
La Aprili lina hasira: linashuka lenyewe,
na shamba, na choo cha jirani.
Ila la Mei mwishoni, lililobaki upande usioona jua,
juu limekaza, chini lina unyevu,
umande umelipaka mafuta usiku kucha,
hilo ndilo.
Ukiwahi mno, linakwaruza.
Ukichelewa, jua likishachungulia mlima,
linakushika tako kama mdai.
Katikati pana nusu saa. Labda dakika arobaini.
Mwaka mzima naishi kwa ajili ya nusu saa hiyo,
na mke wangu anasema hayo si maneno
ya kusemwa mbele ya watoto.

Mwanaidi anatoa kipande cha sabuni ya mche,
anausugua mgongo wa gamba taratibu, akifuata nyuzi,
anafunga kamba ya katani iwe hatamu.
Yeye ni karani wa mahakama ya mwanzo.
Jumatatu atagonga mihuri kwa mikono hii hii.
"Singano kapiga simu?"
"Katuma ujumbe. Yuko zamu, kiwandani, Tanga mjini.
Anasema huko hata mahali pa kuangukia hakuna."
Gamba lake tumelileta hata hivyo.
Tumeliegemeza kwenye jiwe la kilomita.

Halafu hakuna maneno.
Kuna shhh.
Mlima unaondoka chini yangu
kama mkeka uliovutwa na mtu mwenye haraka.
Miwati inapita, inapita, inapita,
baridi inaingia kwa mikono ya shati
na kutokea nisikojua.
Kisigino cha kushoto ni usukani.
Cha kulia ni breki, na breki ni uongo.
Mbele yangu Mwanaidi anapiga kelele moja ndefu
ambayo mahakama haijawahi kuisikia.

Kisha, palipokuwa na mteremko mtupu mwaka jana,
matuta.
Mapya, sita, yameshonwa kwa mabingobingo.
Nikabomoa la kwanza. Nikabomoa la pili.
La tatu likanipokea, mdomo wazi, nikala majani.

Mama Kupaza alikuwa amesimama na jembe,
akitutazama kama atazamavyo mbuzi.
"Mmemaliza?"
Hatukujibu.
"Aprili udongo wangu ulishuka mpaka kwa watu wa Mombo.
Nimechoka kuwalisha bure.
Jembe la pili liko nyuma ya banda."

Tukalima mpaka saa sita.
Kila tuta nililolinyanyua lilikuwa breki ya kweli.
Nilijua nafukia njia yetu wenyewe,
kwa jembe la kuazima,
na sikuweza kuifukia vibaya: yule mama alikuwa akikagua.
Alitupa viazi, vya moto, na chumvi kwenye jani.

Kurudi barabarani ni kwa miguu.
Tope limekauka suruali, linapasuka kwa kila hatua.
Gamba la Singano limejikunja juani
kama mtu aliyelala akisubiri.
Mwanaidi akalichukua, hakusema kitu.
Akaifunga sabuni iliyobaki kwenye leso,
kipande kidogo, kama ukucha wa dole gumba.

Kona mbili baadaye akasema:
"Upande wa Mlalo, nimesikia."
"Umesikia nini?"
"Kuna mahali jua huchelewa."